Ndege Aliyekosa Shahidi wa Pili

Jumatano, Septemba 4

Naanza. Saloma mke wangu kasema nikiyaandika ninayoyaona matembezini, labda jioni masikio yake yatapumzika. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nane kama wenzangu wote wa kanisa letu lisilotumia magari wala umeme, na hilo la nane nusu yake nililala. Mkono wangu umezoea hatamu kuliko kalamu. Lakini macho! Kaunti hii nzima hakuna mzee wa rika langu anayeona kama mimi. Sijisifu. Kweli haina haya.

Leo mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya za umeme barabarani, bega kwa bega kama wanawake kwenye benchi la ibada, wote wanasema na hakuna anayesikiliza. Wanapanga safari ya kusini. Maua ya njano ya ukingoni mwa shamba yamechanua yote. Nyuki wamejipaka unga mpaka wanashindwa kuruka.

Alhamisi, Septemba 5

Mvua. Saloma amesikilizishwa.

Jumamosi, Septemba 7

Nimetembea na shemeji Roman, kaka yake Saloma. Tangu nioe, kila majira ya kupukutika majani tunatembea pamoja, kutoka kwangu, tunafuata ua wa seng'enge hadi malisho ya bondeni, halafu tunarudi kwa kijito. Mwanzoni alikuwa ananichunguza kama namtunza dada yake. Sasa anakuja kula pai ya dada yake.

Tulipofika kwenye miti ya cheri pori akasimama. "Tazama, shemeji. Kipepeo."

"Hilo ni jani."

"Jani gani linapepea hivyo?"

"Jani lililokauka, Roman, likapulizwa na upepo. Ukiendelea hivi utausalimia mti, 'Hujambo, Askofu.'"

Akacheka. Mbele kidogo akainua kidole. "Sss. Kwenye mahindi mle yumo yule mdogo anayelia kama kokoto mbili zikigongana."

Sikusikia kitu. Tukasimama mpaka miguu ikanichoka. Mwisho kweli akatokeza, kadogo, mkia juu, kakatutukana kakaingia tena.

"Bahati," nikamwambia.

"Mbona bahati yenyewe inakuja kila wiki?" akasema.

Jumatano, Septemba 11

Kujaza mabua ya mahindi ghalani kwa mwanangu Vernon. Majirani wote walikuja na farasi wao. Nilipakia mengi kuliko vijana. Mimi na mgongo wangu hatusemezani.

Jumamosi, Septemba 14

Leo sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye panzi.

Nilikwenda peke yangu. Edna, mke wa Roman, kasema wana safari ya mjini, hakusema ya nini. Ukungu ulikuwa haujainuka. Utando wa buibui umeshika umande kwenye kila bua, malisho yote kama yametandikwa shuka. Nikafuata ua. Chini ya mkuyu mkubwa uliokauka nikaona panzi kwenye seng'enge. Hakutua. Ametungwa! Mwiba umempita kifuani. Pembeni yake mwingine. Halafu nyenje. Halafu kipanya kidogo, shingo imening'inia. Kama bucha.

Nikaganda. Maana baba yangu alinisimulia ndege wa namna hii, anayetundika nyama yake kwenye miiba aje aile baadaye. Wazee walimwita mchinjaji. Baba alimwona ujana wake. Mimi maisha yangu yote sijawahi, na watu wenye darubini za bei kubwa wanaokuja huku kutoka mijini hawajawahi kumwona kwetu.

Nikakaa kwenye nyasi mbichi. Suruali ililowa, sikujali. Jua likatoka. Vile vipepeo vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeusi, vinavyoshuka mpaka Meksiko, vikaanza kufunguka kwenye maua ya zambarau, kimoja kikanitua gotini nikakiachia. Ndipo akaja. Si mkubwa, kama ngumi yangu. Kijivu safi mgongoni kama koti la Jumapili. Kifua cheupe. Mabawa meusi yenye kibaka cheupe. Na usoni kitambaa cheusi, kutoka mdomoni, kinapita juu ya jicho mpaka nyuma, kama mwizi! Mdomo umepinda ncha. Akanitazama. Akakata kichwa cha panzi. Akanitazama tena, kama anasema, na wewe je?

Nililia kidogo. Ni umande.

Jumapili, Septemba 15

Ibada ilikuwa nyumbani kwa kina Keim. Chakula cha mchana, kabla kahawa haijamiminwa, nilikuwa nimeshasimulia meza mbili. Perry, fundi wa hatamu, ndiye anayebandika ukutani dukani kwake karatasi ya ndege walioonwa mwaka huo na nani kawaona. Kila mwanamume wa kwetu anayependa ndege anaitazama karatasi ile kabla hajatazama hatamu aliyofuata. Perry akatafuna kachumbari yake polepole.

"Mzee Atlee, sheria unaijua. Ndege adimu haandikwi kwa neno la mtu mmoja."

"Mimi si mtu mmoja. Mimi ni Atlee Raber."

"Kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu," kasema Perry. "Si maneno yangu. Ni ya Maandiko."

Watu wakacheka. Haya. Shahidi ninaye. Roman.

Jumatano, Septemba 18

Nimemchukua Roman alfajiri. Alikuwa mzito kutoka. "Leo mguu," anasema, halafu "leo ng'ombe." Nikamwambia ng'ombe ana mguu wake na wewe una wako, twende.

Njiani alijikwaa kwenye shimo la panya buku, mimi nikamdaka. Tulipofika chini ya mkuyu, ndege alikuwepo! Amekaa juu ya nguzo ya tatu, jua limempiga kifuani. Hata mtoto wa kunyonya angemwona. Nikampa Roman darubini yangu, nzuri kuliko yake.

"Nguzo ya tatu," nikamnong'oneza.

Akatazama. Muda mrefu. Ndege akageuka, akatuonyesha kitambaa chote cha uso, akapiga mkia. Mimi moyo unaruka.

"Umemwona?"

Roman akashusha darubini. "Sioni kitu, shemeji."

"Nguzo ya tatu! Juu!"

"Naona nguzo."

"Na juu ya nguzo?"

Akainua darubini tena, akaishusha. Kisha akasema, "Siwezi kusema nimeona nisichoona."

Ndege akaruka akaenda zake. Nikamuuliza shemeji yangu mbele ya Mungu, je ni wivu? Maana amekuwa wa pili nyuma yangu kwenye karatasi ya Perry miaka yote hii na inaonekana imemchoma. Akanirudishia darubini, akageuka, akafuata ua peke yake, mkono juu ya nguzo, kama mtu asiye na haraka. Sikumfuata.

Alhamisi, Septemba 19

Hasira.

Jumatatu, Septemba 23

Vijana wa Perry walikwenda kukesha malishoni tangu Ijumaa na zile darubini za miguu mitatu. Hawakuona mchinjaji. Hata panzi wameliwa wameisha. Ndege yuko safarini, ana haki ya kwenda. Lakini sasa dukani wananiuliza kama nilimwona na malaika wangapi.

Jumapili, Septemba 29

Naandika kilichotokea kama kilivyotokea.

Baada ya ibada tulikuwa mezani, mkate, siagi ya karanga, jibini. Roman alikaa mbele yangu, kwa kuwa wazee tunakaa kwa umri naye ananifuata. Kijana mmoja akasema, "Mzee Atlee, ndege wako amerudi?" Wakacheka. Nikaweka kisu chini. Nikasema kwa sauti meza zote zisikie: "Mwulizeni shemeji yangu. Ndege alikuwa mbele ya pua yake akasema hayupo. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye wivu utamshika kichwa umgeuze, bado atakana. Huyu ni shahidi wa uongo."

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Kule upande wa wanawake wakageuka kutazama.

Roman hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitaka kuuweka mkate wake mezani, akaukosa ukingo wa meza, ukaanguka chini. Akainuka akatoka kwenda kwa farasi wake.

Jumanne, Oktoba 1

Saloma amepika tambi. Amenipa mimi supu ya jana.

Alhamisi, Oktoba 3

"Baba Vernon," kaniambia Saloma asubuhi, "yule ni ndugu yangu tumbo moja."

"Najua."

"Hajawahi kusema uongo. Akiwa mdogo alivunja dirisha la shule akaenda mwenyewe kwa mwalimu, na hakuna aliyemwuliza."

"Basi anajifunza uzeeni."

Akachukua kikapu akaenda kuchuma tofaa. Aliufunga mlango taratibu. Mlango wa kubamizwa nauweza. Huo wa taratibu siuwezi.

Jumamosi, Oktoba 5

Askofu Abner amekuja. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, sasa ana ndevu hadi kifungo cha tatu. Tukasimama zizini tukatazama farasi, kama ilivyo adabu, kabla ya kusema jambo.

"Mzee Atlee, Jumapili ya wiki ijayo ni ibada ya amani. Nitamwuliza kila mtu kama ana amani na Mungu na watu wote. Mkikubaliana wote, baada ya wiki mbili tunakula Meza ya Bwana. Msipokubaliana, hatuli."

"Nyie kuleni. Mimi nitakaa nje."

"Unajua haiwi hivyo. Mkate mmoja, watu wote. Kina mama wazee kule kwa Mast hawataishi hadi Meza nyingine, majira ya kuchipua majani. Unataka wakose kwa ajili ya ndege?"

"Roman akiri aliona, nitamsamehe siku hiyo hiyo."

Askofu akampapasa farasi. "Nimetoka kwake. Kasema hana neno na wewe. Kasema uliona ulichoona."

"Basi mbona anakana?"

"Hilo hakuniambia."

Nimelala vibaya. Ukaidi ni mto wa mawe, lakini nimeuzoea.

Jumanne, Oktoba 8

Leo nimekwenda malishoni mchana. Sikwenda kutafuta ndege. Nilikwenda kwa sababu nyumbani pananuka ukimya.

Majani ya miti ya mipeli yamewaka mekundu kama moto. Maua ya njano yamezeeka, sasa ni pamba ya kijivu, lakini yale madogo ya buluu yenye jicho la njano ndiyo yametawala kando ya kijito, na nyuki wa mwisho wanayang'ang'ania kama walevi mlango wa baa unapofungwa. Kiwavi mwenye manyoya, kahawia katikati na mweusi pande mbili, akikatisha njia kwa haraka zake. Weusi mwingi mwaka huu. Wazee husema ni dalili ya baridi kali.

Nilipofika karibu na mkuyu nikaona mtu. Roman. Nikasimama nyuma ya vichaka, nataka nione anafanya nini kwenye ua wangu.

Alikuwa anapapasa seng'enge. Kwa vidole. Anaanzia kwenye nguzo, anafika kwenye mwiba, anaugusa pande zote, anasogea kwenye unaofuata. Taratibu, kama Saloma akitafuta mshono. Kofia ameishika mkono wa kushoto. Mara akavuta mkono ghafla, akanyonya kidole, akapangusa damu kwenye suruali, akaendelea. Kipepeo cha rangi ya chungwa, kilichochelewa, kikaja kikazunguka kofia yake, kikapita mbele ya uso wake, karibu hivi, karibu kama ninavyoishika kalamu hii. Roman hakukigeukia. Jicho lake halikucheza. Alikuwa anatazama mbele, na mbele hakukuwa na kitu.

Chini ya mkuyu akakwama kwenye mwiba mmoja. Akaubana kwa vidole viwili. Palikuwa na kimguu cha panzi kimebaki, kimekauka. Mimi nilikiona nikiwa nimesimama kule, macho yangu ninyi mnayajua. Yeye alikigusa mara nyingi. Akakitoa taratibu, akakitia kwenye kofia, akavaa kofia.

Alikuja kumtafuta ndege wangu kwa vidole.

Sikumwita. Nilikaa chini nyuma ya vichaka mpaka akapita, mkono juu ya nguzo, nguzo kwa nguzo, akirudi kwake. Sasa nakumbuka jani. Nakumbuka shimo la panya buku. Nakumbuka mkate. Nakumbuka darubini, jinsi alivyoishika muda mrefu, akingoja imwonyeshe.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilimwambia hivyo mbele ya watu.

Jumatano, Oktoba 9

Saloma kauliza mbona sisemi. Nimesema jino.

Ijumaa, Oktoba 11

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikisimama nikasema Roman hakuona kwa sababu macho yamekufa, nitakuwa nimejisafisha mimi nikamvua nguo yeye. Jioni hiyo hiyo wanawe watamnyang'anya hatamu, watamweka kwenye kiti cha dirishani, kila mtu atamsemesha kwa sauti ya juu kama kiziwi. Angetaka watu wajue, angewaambia. Basi sisemi. Lakini nisiposema, nitasemaje?

Kupura maharagwe kwa Vernon. Vumbi.

Jumapili, Oktoba 13

Ibada ya amani. Ndefu, tangu Adamu hadi Musa hadi chakula. Kisha Askofu akaanza kuuliza, mtu mmoja mmoja. Sauti zinasema, nina amani, nina amani. Zikanifikia.

Nikasimama. Nikaishika benchi la mbele, ubao wa sakafu haukuwa sawa.

Nikasema: "Nilimwita shemeji yangu Roman shahidi wa uongo. Si kweli. Alisema hakuona, na hakuona. Alisema kweli na mimi nikamtukana mbele yenu. Naomba anisamehe, nanyi mnisamehe. Nina amani na wote, wakinipokea."

Roman akajibu pale pale alipoketi, "Nimemsamehe. Nina amani."

Basi.

Mezani Perry akanisogelea na kikombe chake. Si mtu mbaya. "Kwa hiyo, Mzee Atlee, hakukuwa na ndege."

Watu wakasikiliza. Ndege alikuwa mdomoni mwangu, mzima, na kitambaa chake cheusi. Ningetaja nguzo, ningetaja kipanya, ningetaja baba yangu.

"Usimwandike," nikasema.

"Macho ya uzee yana mambo yake," kasema yule kijana aliyeniuliza kama ndege amerudi. Wakacheka, kwa upendo, wananipiga begani. Nikacheka nao. Kahawa ilikuwa chungu, nikaongeza sukari.

Jumatano, Oktoba 16

Nimekwenda kwa Roman na gari langu la farasi. Alikuwa anamfunga farasi wake, anatafuta kifungo cha mkanda wa shingo ya farasi kwa kidole.

"Mwache huyo," nikamwambia. "Panda langu. Farasi wako anatembea kama anakwenda mazishini, ananitia aibu barabarani. Kuanzia leo popote tunapokwenda wote, naendesha mimi."

"Tangu lini umekuwa mtumishi wangu?"

"Tangu nilipochoka kukungoja."

Akasimama. Kisha akamfungua farasi wake akamrudisha zizini. Edna alikuwa mlangoni na mtungi wa siagi ya tofaa. Akanipa mikononi. "Shemeji, Mungu akulipe," akasema, na akaingia ndani upesi.

Njia nzima nilisema. Nikasema kipanga juu ya mahindi, anaelea hapigi bawa. Nikasema bata mzinga saba kwenye makapi, dume mbele, mpumbavu. Nikasema mwaloni wa shule bado kijani upande wa kaskazini. Kazi ya kusema mimi sifundishwi, na hakuna mtu kaunti hii atakayeshangaa kumsikia Atlee Raber akitaja kila kitu anachokiona. Roman alisikiliza. Mara moja tu alinikata.

"Hao si bata mzinga saba, ni wanane. Mmoja yuko upande wa pili wa barabara, anakohoa."

Nikageuka. Alikuwepo.

Jumamosi, Oktoba 19

Barafu ya kwanza. Nyenje na chenene kimya kabisa. Maua ya buluu yamenyong'onyea. Saloma amepika tambi, nimepewa.

Jumapili, Oktoba 27

Tumekula Meza ya Bwana. Kina mama wazee wa Mast wote walikuwepo, mmoja alibebwa pamoja na kiti chake.

Mwisho, wakati wimbo mrefu unaimbwa, ndipo tunapooshana miguu, wawili wawili. Hatuchagui mwenza, aliye karibu ndiye. Roman ananifuata kwa umri, kwa hiyo ndiye. Nikamwosha mimi kwanza. Miguu yake ni mizuri kuliko yangu, sijui kwa nini. Kisha nikaketi, naye akainama, mikono yake ikatafuta beseni, ikalipata, ikatafuta mguu wangu. Nikausogeza kidogo tu, asijue.

"Umeusogeza," kasema, chini ya wimbo.

"Mguu wangu una akili yake."

Akaniosha. Maji yalikuwa ya moto. Aliinamisha kichwa ndevu zikakaribia kulowa.

"Si mtoto wa jicho," akasema. "Daktari wa mjini kasema lingekuwa hilo angelikata. Hili halikatwi. Ulijua lini?"

"Siku uliyopapasa seng'enge."

"Na ulisimama mbele ya kanisa zima ukanyamaza. Wewe." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Atlee Raber amenyamaza. Shemeji, huyo ndiye ndege adimu, na huyo nina mashahidi mia mbili."

Nilitaka kumjibu. Sikupata jibu, na hilo naliandika kwa sababu halijawahi kutokea.

Alichukua kitambaa, akaanza kunikausha, kidole kwa kidole. Kisha akasimamisha mkono. "Sasa niambie. Nilikuwa nimeshika darubini na moyo unanipasuka. Alikuwaje?"

Nikainama sikioni kwake. Nikaanza kwenye mdomo uliopinda, nikaja kwenye kitambaa cha uso, nikaenda mgongoni, kijivu kama koti letu la Jumapili, nikashuka kifuani, mabawa na kibaka chake, nikaenda mpaka ncha ya mkia. Alitaka nirudie usoni, nikarudia. Wimbo ukaisha, wakaanza mwingine. Waliokuwa wakingoja beseni wakakohoa.

Wakohoe. Nilikuwa bado kwenye mkia.